Mashini ya kufulia kwa chumba kidogo: angalieni kwanza maji na umeme

Msimu wa kahawa ukiisha kese ya koperative inakauka, na vikundi vya wamama vinatafuta kazi nyingine ya kuingiza franga. Kazi moja yenye kuzungumzwa mara nyingi katika mikutano ni chumba cha kufulia nguo kwa malipo. Wateja hawakosi. Kituo cha afya kiko na mashuka, nyumba ya wageni ya paruasi iko na mashuka na mablanketi, restora iko na vitambaa vya meza. Tena kuko walimu na vijana wenye kuishi peke yao, ambao hawataki kumaliza siku yao ya mapumziko wameinama juu ya beseni.

Wazo ni zuri. Pesa zinapotea siku ya kununua mashini. Komite inatuma mtu mjini, anaona mashini nyeupe yenye mlango wa kioo na programu 15, muuzaji anamwambia: «Hii inafanya kila kitu peke yake.» Analipa. Mashini inafika kijijini, inawashwa mara mbili au tatu, kisha inageuka kabati la kuwekea magunia matupu. Si kwamba imeharibika. Imekosa presha ya maji na nguvu ya umeme, na hivyo vyote viwili muuzaji hakuviuliza.

Kwa hiyo hatutaanzia dukani. Tutaanzia kwenu, kwenye chumba chenyewe.

Nguo ni kilo ngapi?

Koperative ya kahawa haiwezi kusema haina mizani. Ichukueni, mupime nguo zikiwa kavu kwa muda wa wiki mbili, kabla ya kununua chochote. Shuka ya pamba ya kitanda cha mtu mmoja ni karibu nusu kilo. Blanketi nzito inaweza kufika kilo 2, na ikiwa na maji inapita mara mbili ya hapo.

Tuchukue mfano. Kituo cha afya cha vitanda 15 kinabadilisha mashuka mawili kwa kila kitanda, mara mbili kwa wiki: ni mashuka 60, yaani kilo 30. Nyumba ya wageni inaleta kilo 10. Walimu 10 wanaleta kilo 3 kila mmoja, ni kilo 30 tena. Jumla kilo 70 kwa wiki. Mashini yenye kuandikwa «kilo 8» inasema kilo 8 za nguo kavu, na ukiijaza mpaka mdomoni nguo hazizunguki, hazitakati. Hesabuni kilo 6. Basi kilo 70 ni mizigo 12 kwa wiki. Mzigo mmoja ukichukua dakika 40 pamoja na kusuuza na kukamua, ni saa 8 za kazi, sawa na asubuhi mbili. Mashini moja inatosha kabisa! Musikubali mtu awauzie mbili, wala ile kubwa ya kilo 15 kwa sababu tu «koperative ni ya watu wengi».

Mashini za aina gani ziko sokoni

Mashini ya otomatiki yenye mlango wa mbele ndiyo ile ya kioo. Inaingiza maji peke yake, inayapasha moto, inafula, inasuuza na kukamua. Inatumia maji kidogo, karibu litre 50 kwa mzigo, na haichakazi nguo sana. Otomatiki ya mlango wa juu inafanana nayo katika kazi, lakini inakunywa maji mengi zaidi.

Aina ya pili ni ya tanki mbili, ambayo wauzaji wanaita semi-otomatiki. Tanki moja inafula, tanki ndogo ya pembeni inakamua. Maji munamwaga ninyi wenyewe na ndoo au tiyo, na nguo munazihamisha na mikono kutoka tanki moja kwenda nyingine. Haiko na programu, iko na saa ndogo za kuzungusha na kidole.

Kuko na ya tatu ambayo watu wanaisahau: mashini ya kukamua peke yake. Hiyo haifuli. Inazungusha nguo zilizofuliwa na mikono mpaka maji yatoke.

Kwa chumba kidogo cha kijijini, mawazo yetu ni haya: chukueni ya tanki mbili. Otomatiki ichukuliwe tu na wale wenye maji ya bomba yenye presha na umeme usiokatika, na hao kwetu ni wachache. Sababu zenyewe zinafuata, na muzipime na hali yenu, kwa sababu mahali na mahali si sawa.

Maji

Otomatiki inafungua mlango wa maji ikiwa tu maji yanasukuma. Nyingi zinataka presha ya karibu nusu bari au zaidi. Bari moja ni sawa na maji yanayoshuka kutoka urefu wa metre 10. Nusu bari ni metre 5. Siterne yenu ikiwa juu ya meza ya mbao ya metre 2, munapata bari 0.2 tu. Mashini itangoja maji, itangoja tena, kisha itawasha taa nyekundu na kusimama. Kwetu Kivu milima inatusaidia: chanzo kikiwa juu ya kilima na tiyo zikishuka mpaka kwenu, hizo metre 5 au 10 zinapatikana bila pompi. Lakini siku za mvua kubwa yale maji yanaleta udongo, na kichujio kidogo cha mashini kinaziba. Ya tanki mbili haijali mambo hayo. Bido la maji linatosha.

Ubaya wake ni kwamba inakula maji. Kufula litre 50, kusuuza mara mbili litre 40 na 40, ni litre 130 kwa mzigo, yaani mabido 6 na nusu ya litre 20. Nani atayabeba? Kama jibu ni «watoto wa wamama wale wale», bei ya kazi hii haijahesabiwa vizuri.

Ila kuko na namna ya kupunguza, na wamama wanaifahamu tangu zamani kwenye beseni. Anzeni na nguo zisizo chafu sana, malizeni na zile za shamba. Maji ya sabuni ya mzigo wa kwanza yafule na wa pili na wa tatu. Maji ya mwisho ya kusuuza yawekwe ndani ya nusu-pipa, yasuuze mara ya kwanza mzigo unaofuata. Hivyo mizigo mitatu inatumia litre 210 badala ya 390, na hapo munakaribia ile otomatiki. Mashuka ya kituo cha afya hayaingii katika mpango huo. Yanafuliwa siku yake, na maji yake hayafuli nguo ya mtu mwingine.

Mvua nayo isipotezwe. Bati ya metre za mraba 40, mvua ya milimetre 10 ikinyesha, inaangusha litre 400. Toeni ile inayoruka na inayovuja, mutapata 300. Upande wa Nyiragongo, penye mawe ya volkano yenye kunywa maji yote na ambako mito haipatikani, tungesema wazi: bila siterne ya mvua, kazi hii musiianzishe. Bido la kununuliwa litakula faida yote.

Umeme

Watu wanafikiri ni kuzungusha nguo ndiko kunakula umeme. Ni kupasha maji. Kupasha litre 15 kutoka degre 20 mpaka 60 kunataka karibu kilowati-saa 0.7, na chuma cha kupashia ndani ya otomatiki kinavuta wati karibu 2,000. Ukiongeza motere, mzigo mmoja wa maji ya moto unaweza kukaribia kilowati-saa nzima. Ya tanki mbili inafula na maji ya baridi. Motere yake ya kufulia iko kati ya wati 300 na 400 hivi, ya kukamulia karibu 200. Mzigo mmoja haupiti sana kilowati-saa 0.2. Ukitaka maji ya uvuguvugu, yapasheni kwenye moto wa nje, au yaacheni juani ndani ya bido jeusi tangu asubuhi.

Wenye kuishi kwenye laini ya SNEL inayotoka Ruzizi wanajua jinsi umeme unavyokwenda na kurudi. Unaporudi kwa kishindo, kitu cha kwanza kuungua ndani ya otomatiki ni ile karta ya elektroniki, na karta mpya inaweza kugharimu kiasi ambacho fundi mwenyewe atawashauri mununue mashini nyingine. Upande wa Rutshuru, penye umeme wa Matebe, hali si ile ile, na pale otomatiki inaweza kufikiriwa. Mashini ya tanki mbili haina karta. Umeme ukikatika katikati, nguo zinangoja ndani ya maji, hakuna mlango uliojifunga nazo.

Umeme ukiwa dhaifu, motere inaunguruma bila kuzunguka. Zimeni papo hapo. Dakika chache za kuunguruma zinatosha kuchoma waya za ndani.

Kwa grupu, kumbukeni kwamba motere inapoanza inavuta mara 3 mpaka 5 ya kawaida yake. Grupu ndogo ya kilo-volti-ampere 1 inakuwa ya shida kidogo, ya 1.5 au 2 inafanya kazi bila kulia. Otomatiki yenye kupasha maji inadai 3 na zaidi. Katika mfano wetu wa saa 8 kwa wiki, grupu ndogo inayokunywa nusu litre kwa saa inataka litre 4 za esanse. Wekeni bei ya kwenu, mutaona.

Kwa plaki za jua pia inawezekana. Onduleri, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri, iwe ya wati 1,500, na iwe ya wimbi safi, kwa sababu zile za bei rahisi zinaipasha motere mpaka inaungua. Batri moja ya volti 12 na ampere-saa 200, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, inafula mizigo 6. Fuleni saa sita, jua likiwa kali, si jioni.

Na kama umeme unakuja saa mbili tu kwa siku? Hapo ndipo mashini ya kukamua peke yake inapata nafasi. Ulizeni mama yeyote kazi gani inamvunja mgongo: si kusugua, ni kukamua blanketi. Tena nguo iliyokamuliwa na mikono inabaki na maji yenye uzito kama wa nguo yenyewe au zaidi. Mashini inaondoa karibu nusu ya hayo maji. Kuanzia Septemba mpaka Mei, mvua ikinyesha kila siku, hiyo ndiyo tofauti ya kurudisha mashuka kesho au kuyarudisha keshokutwa yakinuka. Mteja hajui nguo zake zilifuliwa na nini. Anajua zilirudi siku gani.

Sabuni na fundi

Otomatiki ya mlango wa mbele inataka sabuni ya unga isiyo na povu nyingi. Ukiweka ile ya kufulia na mikono, povu inajaa na mashini inasimama. Ya tanki mbili inakubali unga wowote, hata sabuni ya kipande ya mafuta ya mawese ikikatwa vipande vidogo na kuyeyushwa katika maji ya moto usiku wa kuamkia kazi. Koperative zenye kutengeneza sabuni yao ziko na faida hapo.

Kabla ya kuchagua marke, mutafute fundi. Ndiyo, fundi kwanza. Muulizeni ni mashini gani amezifungua na vyombo vyake vinapatikana wapi. Katika ya tanki mbili vinavyochoka ni mkanda, breki ya kukamulia, mpira wa chini unaozuia maji, na kondansatere. Motere ikinguruma na ukisukuma kidogo na mkono ikaanza, mara nyingi ni kondansatere, kitu kidogo cha bei ndogo ambacho fundi wa redio anaweza kubadilisha. (Chomoeni waya kwanza kabla ya kuingiza mkono ndani!) Marke maarufu isiyo na vyombo mjini ni mbaya kuliko marke isiyojulikana yenye vyombo.

Mashini za okazio

Kuko nyingi, na nyingine ni nzuri. Someni ile plaki ndogo iliyobandikwa nyuma kabla ya kuuliza bei. Sherti iandikwe volti 220 mpaka 240 na Hz 50. Mashini ya kutoka Marekani ni ya volti 120 na Hz 60: ukiichomeka kwetu inaungua. Hata iliyoandikwa volti 220 na Hz 60 muiache, kwa sababu kwenye umeme wetu itazunguka polepole na motere itapata moto.

Kisha ingizeni mkono, muzungushe pipa la ndani. Likitoa sauti kama mchanga unaosagwa, rulma zimekufa, na kuzibadilisha kwenye otomatiki ni kuifungua yote. Angalieni kutu chini, na mpira wa mlango kama umepasuka. Bei ikiwa chini sana, mwenye kuuza anajua sababu.

Chumba chenyewe na maji machafu

Sakafu iwe ya simenti, yenye kuteremka kuelekea mfereji. Prize ya umeme iwe juu, karibu metre 1 na nusu kutoka chini, mbali na maji. Waya wa ardhi ufike kweli ardhini kwenye chuma kilichopigwa ndani ya udongo wenye unyevu, na kwenye tablo kuwe na dijonkteri ya diferensiali ya miliampere 30, ile inayokata umeme kabla haujamuua mtu. Tunajua bei yake inafanya komite ikunje uso. Lakini huyo mama amesimama katika maji, mikono imelowa, anashika mashini ya chuma yenye umeme. Kama pesa za dijonkteri haziko, pesa za mashini nazo haziko.

Anayekamua afunge kitenge vizuri, kisining'inie juu ya tanki. Mfuniko ukifunguliwa, breki sherti isimamishe kikapu kwa sekunde chache. Isiposimama, kazi inasimama mpaka fundi aje, na watoto wasikaribie.

Kwa mashuka ya kituo cha afya, kubalianeni kwanza na mtu wa usafi wa pale. Yenye damu au uchafu wa mgonjwa yalowekwe na klore kule kule kituoni, kwa kipimo chao, kabla ya kuja kwenu. Kivu ya Kaskazini ilipita katika Ebola kuanzia 2018 mpaka 2020, hakuna haja ya kueleza sana. Anayepokea mashuka avae glavu nzito.

Maji ya sabuni yasimwagwe njiani. Chimbeni shimo la metre 1.2 kila upande na kina cha metre 1 na nusu, mujaze mawe, liwe metre 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na upande wa chini yake. Migomba iliyopandwa pembeni inakunywa vizuri. Mboga za kuliwa mbichi musizipande hapo, na maji yenye klore musiyape migomba. Tena jambo moja kwa koperative zenye stesheni ya kuoshea kahawa: kuna tamaa ya kuweka mashini pale pale, kwa sababu maji na paa viko tayari. Musifanye hivyo. Kahawa inashika harufu haraka, na sabuni ikifika kwenye beseni za kuchachushia, kazi ya msimu mzima inauzwa kwa bei ya kahawa mbovu.

Siku ya kununua

Nendeni watu wawili, mmoja awe kati ya wamama watakaofanya kazi, si mweka hazina peke yake. Bebeni blanketi. Muombeni muuzaji aichomeke, mumwage maji, mufule dakika 10, kisha muikamue ile blanketi. Mashini ikiruka-ruka, kwanza mupange blanketi vizuri ndani ya kikapu, mujaribu tena. Ikiruka bado, chagueni nyingine. Angalieni chini kama maji yanavuja. Muuzaji anayekataa kuichomeka, muageni kwa heshima. Fakture iandikwe jina la koperative, namba ya mashini, na muda wa garanti kwa maneno, si kwa mdomo.

Kwenye gari isafiri imesimama wima, haijalazwa juu ya magunia, na tiyo ya kutolea maji ifungwe ubavuni ili kamba isiikate.